Kabati la Viatu

Saa tatu usiku huvihesabu:
jozi tisa, kisha kimoja kimoja, kumi na nane,
maana hata kiatu kimoja chamfikisha mtu barabarani.
Hii ndiyo kazi niliyoisomea miaka minne Nizwa:
kufungia viatu vya watoto wa watu
katika kabati la chuma, Mabela, nyuma ya duka la matairi,
na kuvaa ufunguo shingoni kama hirizi.

Nina miaka ishirini na minne.
Ghaniya, mkubwa wao, ana kumi na saba.
Akiniita "mama" hucheka, nami hucheka,
halafu sote twaona haya.

Wewe uliletwa mwisho wa mwezi wa tano,
una mfuko wa nailoni, na faili nene kukushinda.
Siku hamsini na mbili hukutoa neno.
Daktari aliandika: hazungumzi.
Shamsa wa zamu ya mchana: hataki.
Mimi niliandika: bado,
nikaambiwa nifute, bado si jibu.

Ulivunja kioo cha bafu. Ulivunja rimoti ya kiyoyozi.
Ulimpiga Wadha kwa sahani, kisa pakiti ya chipsi.
Yote niliyatia daftarini kwa Kiarabu safi,
tukio, saa, hatua iliyochukuliwa,
kana kwamba hatua ni kitu cha kuchukua,
kama andazi kwenye sinia.

Usiku ule wa Julai umeme ulikatika.
Nilimulika vitanda kwa simu: wanane.
Viatu vyote vimo. Madirisha yana nondo.
Mlango wa juu, ule wa fundi wa tangi,
wazi.

Ulikuwa ukingoni, mgongo kwangu, miguu inaning'inia.
Mafunzoni walisema: usikimbie, usipaze sauti,
taja jina lake, mpe mambo mawili achague.
Nilivua ndara ngaziani nisikushtue,
nikakanyaga saruji iliyoshinda ikimeza jua,
na mafunzo yote yakanitoka kwa nyayo.
Niliruka kama kuku. Nikapiga ukelele wa bibi yangu:
"Mamangu wee, naungua!"

Ukageuka.
Ukasema, kwa sauti iliyoota kutu,
"Shauri yako. Nani kakutuma uje peku?"

Kiswahili!
Kile cha jikoni, cha kina bibi
walioshuka na masanduku yao mwaka ule
wakakunja kila kitu isipokuwa ulimi.
Faili lote halikuwa na habari hiyo.
Safu ya lugha ilijazwa kabla hujashuka garini.

Tulikaa nyuma ya tangi, penye unyevunyevu.
Ukanambia habari za Bi Sabaha aliyekulea,
akikuita "kijitu changu", akikukaripia kwa mafumbo.
Alikufa Jumatatu.
Alhamisi mjomba akauza kitanda, nawe bado umekilalia.
Ukanambia na mengine.
Hayo hayaingii daftarini, wala hapa.

Kisha ukauliza:
"Wanakulipa kiasi gani ukae na mimi?"
Nikakutajia. Riyali mia tatu na sitini, kabla ya makato.
Ukapiga hesabu kwa vidole, gizani.
"Ndogo," ukasema.
"Ndogo kweli," nikasema.
Mara umeme ukarudi, viyoyozi vya mtaa mzima vikaguna,
nikauona uso wako unakaribia kucheka.

Sisemi ulipona.
Wiki ya pili ulimng'ata Shamsa mkono,
nikakushika mabega mpaka ukachoka, nikachoka,
na hatukusemeshana siku mbili, kwa lugha yoyote.

Lakini usiku ule niliandika:
Saa nane na robo, umeme umekatika. Watoto tisa. Wote wamo.
Si uwongo.

Na tangu hapo, ikifika saa tatu,
navihesabu: jozi kumi.
Vyangu viko rafu ya chini, ubavuni mwa vyako,
visigino vimekanyagana.