Safu ya Marehemu

Saa nne asubuhi mashine imegoma tena,
na ukungu wa Tukuyu umefika kwenye kitasa cha mlango.
Nimeilisha wanachama arobaini, wiki mia moja,
kilo za majani mabichi ya chai:
nani hupanda na nani, nani hushuka na nani,
ili benki ya Mbeya ijue mkopo wetu ukianguka
utaangukia wapi.
Inajibu kwa ufupi: matriksi hii haina kinyume.

Chuoni Iyunga tulifundishwa.
Safu mbili zikisema neno moja,
moja kwa sauti, moja kwa nusu sauti,
hesabu nzima hulala chini kama turubai lisilo na nguzo.
Hurudi ulikotoka. Sifuri haigawi.

Nikashika rula, nikashuka mstari kwa mstari.
Namba kumi na saba, Subilaga Mwakalobo:
sitini na nane, hamsini na mbili, arobaini.
Namba kumi na nane, Ambakisye Mwakalobo:
thelathini na nne, ishirini na sita, ishirini.
Nusu. Nusu. Hata wiki ya mvua ya mawe, nusu.

Ambakisye tulimzika Machi, mwaka juzi,
kabla ya wiki ya kwanza ya jedwali hili.
Mimi mwenyewe nilishika koleo.

Kituoni, karani wa mizani hakuinua kichwa:
"Huleta tenga moja.
Theluthi humwandikia mumewe.
Anasema kitabu kikifungwa, ndipo atakuwa amekufa."

Sikufuta kitu. Nilirudi kwa miguu.

Wiki iliyofuata limekuja karatasi jipya:
hamsini kwake, ishirini na saba kwa mumewe.
Kilo mbili zimezidi. Sijui amekosea,
au ilikuwa siku yao ya ndoa.
Mashine, safari hii, haikugoma.
Imetoa jibu, jibu linalotetemeka;
ukigusa desimali ya tatu linaruka ng'ambo ya mlima Rungwe.
Linanishauri nimkopeshe Ambakisye milioni tisini
na nimdai mjane themanini na tisa.

Benki inataka barua kabla ya saa tisa.
Nimeikodolea macho namba hiyo
mpaka ukungu umenyanyuka na makaburi ya Katumba
yameonekana, meupe, kati ya mistari ya chai.
Nimeandika neno moja tu:
subirini.