Bila Risiti

Fundi Paco aliuliza swali moja tu
siku ile ya vigae,
amechuchumaa ukingoni mwa shimo, sigara sikioni:
"Kwa risiti, au bila risiti?"
Emrys akanitazama, nikamtazama,
tukacheka kama watoto walioachiwa kopo la sukari wazi.
Bila.
Yuro elfu kumi na moja na mia nne, noti mkononi,
na kodi tuliyoiponyoka
tukainywa mvinyo kiangazi kizima.

Sasa Emrys yumo ukutani, makaburini,
safu ya tatu, shubaka la kukodi,
nami nimeketi mbele ya Encarna mhasibu,
bati la biskuti mapajani, limejaa karatasi.
Encarna ana jozi mbili za miwani, moja utosini, moja puani.
Anazipanga karatasi kama mtu achezaye karata peke yake:
cheti cha kifo,
tafsiri ya cheti cha kifo,
uthibitisho wa tafsiri ya cheti cha kifo.
Mtu kafa mara moja.
Mihuri minne.

"Akaunti yenu imefungwa," asema, "mpaka kodi ya mirathi ilipwe."
"Na hiyo kodi niilipe kwa pesa gani?"
"Zilizomo kwenye akaunti."
Tukanyamaza. Feni tu ndiyo iliyokuwa na la kusema.

Kwa Mari Carmen, pale baani, kila mstaafu ni mwanasheria.
Joost wa Utrecht aniambia: andikisha nyumba kwa jina la mwanao.
Mkewe amwambia: nyamaza, wewe yako umeshaipoteza.
Nchi mbili zaniuliza nimelala kwao siku ngapi mwaka huu,
mia na themanini na tatu ndiyo mpaka,
ukiuvuka umeolewa.
Hata marehemu hakuwahi kunihesabia hivyo.

Halafu Encarna akatoa picha.
Imepigwa kutoka angani, na mtu, au mashine, sijui:
paa letu, mti wetu wa lozi,
gari letu na ule mlango wa rangi nyingine,
na katikati, buluu, kama wino uliomwagika.
"Hili bwawa halimo kwenye hati."
Miaka kumi na sita tumeliogelea.
Halimo kwenye hati.
"Ukitaka kuuza, lisajili. Ukilisajili, utalipia na miaka ya nyuma.
Na ukiuza, serikali itataka sehemu ya faida,
nami gharama za bwawa siwezi kuzitoa, maana..."
Hakumaliza. Alilitazama bati la biskuti.
Mali bila daftari hupotea bila habari,
na habari yetu ilifika kwa setilaiti.

"Una ushahidi wowote, Glenys? Wowote?"

Jumapili Rhodri alipiga simu kutoka Wrexham.
Uza, Mam, urudi nyumbani.
Nyumbani wapi, mwanangu?
Ile ya Ruabon leo yanunua tatu kama hii,
na wenyewe wameng'oa mpeasi.
Pensheni yangu huondoka huko ni pauni, hufika hapa ni yuro,
imenyolewa njiani kama kuruti.
Sikumwambia hayo. Nilimuuliza habari za goti lake.

Usiku ule joto lilikataa kwenda kulala.
Nilivua gauni juu ya kiti cha plastiki,
nikashuka ngazi bila taa,
mjane wa miaka sabini na nne
ndani ya maji yasiyokuwepo kisheria.

Kwenye kina kifupi, karibu na kona,
kuna kigae kimoja kilichopinda.
Paco alitaka kukibandua,
Emrys akakataa. Alikuwa amekipachika mwenyewe,
akiwa amelewa kidogo, amepiga magoti,
akikisukuma kwa kiganja mpaka saruji ikashika.

Nilikitafuta kwa kidole cha mguu, polepole, gizani.

Kipo.