Injini ya Nne

Wekhomo anasema ni tatu.
Amekisimamisha chombo angani kwa kidole,
kama anayemzuia kuku mlangoni,
akahesabu: moja, mbili, tatu.

Mimi nasema nne.

Tunabishana hapa Kibuye, kati ya mageti ninayochomelea
na vitanda vya chuma ambavyo bado havina wenyewe,
yeye na daftari lake lililotafunwa na mende,
mimi na miwani ya kiza juu ya paji la uso.
Nasambu wa vipuri anatuita wendawazimu
kisha anavuta kigoda karibu,
maana hata yeye hajasahau
Kereng'ende alivyozizunguka pete za Oru
akiacha moshi wa buluu.
"Moshi, mahali pasipo hewa?" auliza Wekhomo.
"Mimi niliuona," asema Nasambu. "Hewa sikuiuliza."

Daftari lina mengi. Kanda ya pili, ghala la chini lina milango sita;
kanda ya nne, saba.
Nahodha alikatwa mkono wa kushoto,
halafu huyo, kanda ya tano, anamenya chungwa.
"Na bawa lililong'oka," asema, "limerudi lini? Nani alilirudisha?"
Hapo namjibu bila kuinua kichwa:
kitu kikivunjika hupelekwa kwa fundi.
Hatuonyeshwi kwa sababu hakuna anayempiga fundi picha.

Anaandika. Sijui anaandika nini.

Lakini injini ya nne.
Ilikuwa Manyatta, banda la Raburu, shilingi tano,
sisi wadogo sakafuni, miguu ya wakubwa mgongoni mwetu.
Injini tatu zimezima. Kereng'ende anaporomokea jua jeusi.
Na stima ikapotea.

Hakuna aliyetoka.
Raburu, aliyetufasiria kila neno
(leo najua lugha ile hakuijua hata chembe),
alikohoa, akaendelea gizani:
kumbe chini ya tumbo la chombo,
mahali asipopajua hata nahodha,
kuna msichana fundi, mikono yote masizi,
na kwa vyuma walivyovitupa wenzake
ameunda injini ya nne.
Akaiwasha. Raburu alipiga bati kwa ngumi,
banda zima likanguruma,
mtoto wa jirani akalia,
na mimi, mwenye miaka tisa,
nilisikia nywele zikinisimama.
Msichana. Fundi.

Stima haikurudi hadi alfajiri.
Kesho yake kanda ilikuwa imekwisha kurudishwa kwa mwenyewe.

Juzi Wekhomo alinipa zote ndani ya flashi.
Nilitazama peke yangu, sauti chini, wanangu wamelala.
Nilifika kwenye jua jeusi. Injini tatu, zimezima.
Kisha chombo kingine kinatokea, kinarusha kamba ya mwanga,
kinamvuta Kereng'ende kama ng'ombe aliyekwama topeni.
Nilirudisha nyuma. Nikarudisha tena.
Chini ya tumbo hamna mlango, hamna msichana,
ni rangi ya kijivu tu, na misumari iliyochorwa.

Sikumwambia.

Leo amekuja tena, amefungua daftari ukurasa mtupu.
"Haya," asema, "kama ipo, ilikaa wapi? Nionyeshe."
Nachukua chaki, nachora kwenye bati la geti la mtu:
tumbo, tangi, bomba la moshi, mlango mdogo wa kuingilia kwa magoti.
Ananitazama muda. Najua ameshajua.
"Uzito huo nyuma," asema polepole, "pua itainuka."
"Sogeza tangi mbele."
"Basi milango itakuwa saba."
Nasambu anapiga kofi pajani: "Saba! Si ndiyo ile ya kanda ya nne!"

Mwenye geti anafika kutoka Obunga,
anauliza kazi yake imefikia wapi, na hii michoro ni ya nini.
Namwambia kesho.
Wekhomo ameinamia bati, anapima kwa shubiri.