Mvua ya Agosti, Galisia

Sabela anaendesha. Mimi nimepakata ramani
ambayo wino wake umeanza kuhama:
Muxía imekwisha kuingia baharini,
barabara yetu imekuwa kijito cha buluu.

Waipa zinabishana. Moja imepoteza mpira,
inakwaruza kama kijiko kwenye ukoko.
Kulia mikaratusi, kushoto ukungu mtupu;
bahari ipo, twaamini kwa kishindo chake.

Nyuma, hema la jana linachuruzika
juu ya mkate, juu ya viatu,
juu ya mbwa aliyesusa
na haitiki hata kwa jina lake.

"Baba angegeuza gari," nasema.
"Aligeuza. Kila mwaka.
Ndiyo maana hatujawahi kuuona mnara."

Ponte do Porto, kituo cha mafuta.
Dosinda, mikono inanuka dizeli,
anachungulia dirishani, anacheka hadi anakohoa:
"Mvua? Hii ni hewa ya huku, wanangu."
Anatupa magazeti ya juma lililopita
tuyasokomeze viatuni.
Kahawa hakutaka tuilipie.

Vilán tulifika giza likiingia.
Mnara wenyewe hatukuuona,
ila mwanga wake: ukapita juu ya kioo,
juu ya shavu la dada yangu, ukaenda zake.
Tukahesabu kwa kunong'ona.
Ukarudi.

Hatukushuka. Hema lingesimama wapi?
Tulikula dagaa wa kopo kwa vidole,
mafuta yakadondokea ramani, hapo hapo Muxía,
na mbwa, bila kuombwa radhi,
akaja kulamba.