Namba Arobaini na Tatu

Viatu vya kiume, namba arobaini na tatu,
nilivinunua Birere, mtumba, bila kamba.
Mguu wangu ni thelathini na saba.

Mapokezi, pale Nyawera, kijana akauliza:
"Mama, uko peke yako?"
Nikasema bwana anafunga gari.
Gari gani? Nilipanda moto toka bandarini,
namba ya jileti yake nimeiandika kiganjani,
jasho likala tarakimu ya mwisho.

Nikaviweka nje ya mlango, pua zikitazama ngazi,
kimoja kimelala ubavu, kama cha mtu aliyechoka.
Ndani, kiti chini ya kitasa.

Umeme ukakatika saa tatu.
Hatua zikapanda.
Zikasimama.
Nikakohoa kikohozi kizito cha marehemu baba.
Zikashuka.

Alfajiri, ukungu ungali ziwani, nafungua:
mlango wa jirani, viatu vyeusi vya kiume,
soli haijaonja tope la Bukavu.
Akatoka mwanamke, kitenge begani, mswaki mdomoni.
Akavitazama vyangu. Nikavitazama vyake.

"Bwana yako amelala vizuri?"
"Hakukoroma hata kidogo."

Tukashuka kunywa chai,
mabwana tukawaacha mlangoni
walinde vyumba.