Kulia Ndiko Ugonjwa Wenyewe

Laki sita na nusu, Mtaa wa Narung'ombe.
Nilizitoa noti mbichi, za mchezo wa upatu;
zamu yangu ilipofika nikaruka bati, nikaruka saruji,
nikanunua fimbo yenye sahani mwishoni
ili Jumatatu alfajiri nitembee ufukwe wa Coco
nikiokota walichoangusha watu wa Jumapili:
hereni, funguo, chenji za mihogo,
pete za waliozivua ili wapakane mafuta.

Wiki ya kwanza ilinena kweli.
Ya pili ikaanza kulia ovyo:
ikaulilia mchanga mtupu, ikayalilia mapovu,
ikanililia mimi, nami nina bukta tu.
Nilichimba mashimo arobaini,
nikapata kaa mmoja, naye amekasirika.
Nikaja kuifukia pete ya Mwanahija uani, kwa majaribio,
nikapitisha sahani juu yake mara tatu.
Kimya.
Kimya cha mdeni aliyesikia hodi.
(Pete tuliitafuta kwa chekeche la unga
mpaka adhana ya isha. Mengine ni ya nyumbani.)

Nikarudi dukani. Ukutani wino mwekundu:
MALI IKISHAUZWA HAIRUDISHWI.
Mkononi mwangu kadi, chapa ya dhahabu:
waranti, miezi kumi na miwili.
Nikauliza lipi neno, lipi pambo.

Nasriya wa kaunta hakuacha kutafuna ubani.
Akaiwasha mashine. Ikapiga yowe.
"Si hii inalia, baba?"
Mwanangu, hapa Kariakoo nani asingelia?
Nondo mlangoni, mabati juu, makufuli, mizani,
mkokoteni wa mabomba unapita nje,
na hili jino langu la fedha.
Kulia ndiko ugonjwa wenyewe.
Sikukuletea bubu. Nimekuletea mwongo.

Akaisoma kadi kwa ukucha, mstari kwa mstari:
waranti haihusu maji.
Haihusu chumvi.
Haihusu mchanga.
"Mashine ya kutafuta mchangani isiguse mchanga?"
"Ndivyo walivyoandika, baba. Sisi tunauza tu."
Bosi yuko Guangzhou. Fundi yuko Mbagala, hapatikani.
Risiti? Nikaichomoa pochini: imefutika, nyeupe pe,
kodi tu ndiyo iliyobaki ikisomeka.
"Basi lete na boksi lake. Ndani ya siku saba."

Boksi.
Boksi liko Buguruni, nyuma ya jiko,
na ndani yake ameatamia kuku wa Mwanahija,
mayai kumi na moja, siku ya tisa.
Usiku nilisimama mbele yake na tochi.
Alinitazama kwa jicho moja,
jicho la mwenye mkataba halali.
Nikazima tochi.

Siku ya kumi na tatu nikalibeba dukani,
lina vinyesi, lina ganda lililonata
juu ya picha ya mzungu anayechimba huku anacheka.
"Umechelewa," Nasriya alisema,
kisha akakuta unyoya kwenye kona, akaugeuzageuza.
"Vifaranga wangapi?"
"Tisa. Mayai mawili viza."
Akatazama mlangoni, akatazama kamera,
akarudisha tarehe ya muhuri nyuma, akagonga.
"Uje baada ya Idi."

Idi imepita. Ya pili inanukia.
Napiga simu, inaita, inaita,
halafu yule mwanamke asiyechoka ananiambia nijaribu tena baadaye.

Jumatatu bado naenda ufukweni, mikono mitupu,
naburuta mguu pale mchanga ulipolegea.
Juzi kidole gumba kiligonga mia mbili,
imeshaota kutu ya kijani.
Kidole hiki nimezaliwa nacho,
hakina kadi, hakina boksi, kina sugu.
Kikisema kuna kitu, kipo.
Wiki iliyopita ulikuwa msumari.