Joto Fiche

Mwezi wa kwanza nilisema "nipe".
Nipe maji, nipe vocha, nipe chenji yangu,
na Mama Kokushubira, kijiko kikining'inia juu ya vitumbua,
akaniangalia kama mtu aliyetukanwa na mtoto wa jirani.
"Mwalimu," akasema, "huku tunaomba.
Hata kile unacholipia, unakiomba."

Nilitoka Kapsabet na masanduku mawili,
sweta tatu (tatu! kwa Tabata!),
vyeti vya chuo, na picha ndogo kumi na mbili
zenye uso wa mtu anayejiandaa kukataliwa.
Pale Uhamiaji, Kurasini, nilijifunza kukaa.
Kiti cha plastiki kikaujua mgongo wangu.
Jina langu, Jepkosgei, lilisomwa kwa namna nne
na kwa zote nne nikasimama.

Dalali Chande akanionyesha chumba na sebule,
akalisifu dirisha kana kwamba upepo kauumba yeye.
Siku hiyo upepo haukuwepo.
"Umesafiri," akasema.
Nikahesabu kodi ya miezi sita, na yake juu,
nikabaki na funguo na elfu nne.
Usiku nikajigeuza sakafuni kama chapati,
upande huu, upande ule,
nikisubiri kuiva.

Kidato cha Pili B wakasimama wote:
"Shikamoo, mwalimu!"
Nikajibu, "Hamjambo, kaeni."
Hakuna aliyekaa.
Feni ikazunguka. Nikaangalia vifungo vya shati langu.
Ndipo Shemweta, dawati la mbele, akaninong'oneza
kama anayenipa jibu la mtihani:
"Marahaba, mwalimu. Sema marahaba."
Nikasema. Viti arobaini na kimoja
vikalia pamoja.

Mwezi wa sita niliwafundisha joto fiche:
barafu ndani ya bika, kipimajoto katikati, moto chini.
Moto unaingia, unaingia,
zebaki haisogei. Sifuri. Sifuri. Bado sifuri.
"Joto linakwenda wapi?" nikauliza.
Faidha hakunyoosha hata mkono:
"Linafanya kazi ya ndani, mwalimu. Linalegeza kwanza."
Niliandika jibu lake ubaoni
na nikachelewa kidogo kuligeukia darasa.

Sijui nililegea lini.
Labda usiku ule umeme ulipoisha
na Bi Mwanakheri akamtuma mwanawe
na tarakimu ishirini za LUKU
kwenye kipande cha boksi la sabuni:
"Mama kasema utarudisha ukipata."
Labda kwenye msiba wa nyumba ya nne,
nilipokaa mkekani nikichambua mchele
na hakuna aliyeniuliza kwetu wapi.
Mwanamke wa kulia kwangu alisema tu,
"Angalia, hapo kuna jiwe."

Desemba nikaenda nyumbani.
Baridi ikanikamata masikio kama mdai.
Dukani kwa Kibet, karibu na stendi, nikasema,
"Samahani, naomba sukari robo."
Kibet alicheka mpaka akashika mizani.
"Unaomba? Kwani pesa huna?"
Mama naye, akinimiminia mursik,
akaniuliza kwa lugha yetu
mbona siku hizi ninaongea polepole,
kama mtu aliyebeba mayai.
Nikanywa. Ulikuwa mchachu kuliko nilivyoukumbuka,
au ni mdomo.
Sweta zangu, bila shaka, nilikuwa nimezisahau Tabata.

Nilirudi tarehe tano, basi likichelewa saa sita.
Kibali kimebakiza mwaka mmoja.
Kwenye kona, kabla sijafungua mdomo kuomba,
Mama Kokushubira akasukuma sahani iliyofunikwa:
"Vyako viwili hivi. Nilikuwekea tangu alfajiri."

Vilikuwa vimepoa.
Nikavila nimesimama, masanduku miguuni,
jasho likinitiririka mgongoni.